Que j'eusse fini: mwongozo kamili wa plus-que-parfait du subjonctif kwa anayefikiri kwa Kiswahili

Nianze na sentensi mbili za kwetu. "Nilitaka Asha awe amemaliza kabla sijafika." Na ya pili: "Asha angalijua nakuja mapema, angalimaliza." Kama umezielewa, basi maana mbili kuu za plus-que-parfait du subjonctif, njeo ya Kifaransa cha vitabuni, unazo tayari. Zitazame kwa Kifaransa:

Je voulais qu'Asha eût fini avant mon arrivée.
Si Asha eût su que je viendrais tôt, elle eût fini.

Eût fini imetokea mara mbili na haikubadilika hata herufi moja, ila kwanza ni "awe amemaliza" na baadaye ni "angalimaliza". Nimeona wanafunzi wakikariri jedwali la nafsi sita majuma mawili bila kuambiwa jambo hili. Wakija kukutana na njeo yenyewe kwenye riwaya, kila mahali wanatafsiri "alikuwa amemaliza", na sentensi inagoma.

Nani anaihitaji? Anayesoma fasihi ya Kifaransa, hasa ya karne ya 17 hadi ya 20. Aliyesomeshwa kwa Kifaransa Bukavu, Lubumbashi au Bujumbura ameshaiona, na mwanafunzi wa Nairobi au Dar es Salaam ataiona akifika kwenye somo la fasihi. Mdomoni hutaihitaji. Mfaransa wa leo akisema que nous eussions fini akiwa mezani, wenzake watadhani anawachekesha. Kwa hiyo lengo letu ni kuitambua bila kusita, kuiunda bila kosa ukiagizwa, na kujua lini uiache.

Kwa nini inatusumbua

Ile -e yetu ya kutaka, kuomba na kuamuru haina wakati. Tunasema "nataka aende" na "nilitaka aende", na "aende" hatuigusi. Kifaransa cha vitabuni hakiridhiki hivyo. Je veux qu'il aille, lakini je voulais qu'il allât. Subjonctif yao, yaani -e yao, ina njeo nne: que je finisse (présent), que j'aie fini (passé), que je finisse (imparfait), que j'eusse fini (plus-que-parfait). Ndiyo, ya kwanza na ya tatu za finir zinafanana katika nafsi ya kwanza. Tofauti inaonekana kwa "yeye": qu'il finisse na qu'il finît.

Hii ya nne ndiyo yetu, na habari njema ni kwamba muundo wake tunao. Katika "awe amemaliza" neno la kwanza linabeba -e, na la pili linasema kazi imekwisha. Eût ni "awe", fini ni "-memaliza". Tofauti ni kwamba sisi tunaitaja nafsi mara mbili (a-we a-memaliza), wao wanaiweka kwenye kitenzi kisaidizi peke yake.

Hatua ya kwanza: chagua kisaidizi

Ni avoir au être, kwa kanuni zile zile za passé composé, njeo yao ya kawaida ya wakati uliopita. Ukisema j'ai mangé, utasema que j'eusse mangé. Ukisema je suis venu, utasema que je fusse venu. Hakuna jipya la kujifunza hapa.

Wanaochukua être ni wachache: aller, venir, arriver, partir, entrer, sortir, monter, descendre, naître, mourir, rester, tomber, retourner, passer, pamoja na watoto wao kama devenir, revenir na rentrer. Ongeza vitenzi vyote vyenye se: se lever, se laver, se souvenir.

Mitego ni miwili. Wa kwanza ni kudhani kila kitenzi cha mwendo huchukua être. Courir, marcher na nager huchukua avoir: qu'il eût couru. Wa pili ni kwamba sortir, monter, descendre, rentrer, retourner na passer huhamia kwa avoir zikipata kitu cha kutendwa. Qu'il fût sorti: awe ametoka. Qu'il eût sorti la voiture: awe ametoa gari. Kiswahili kinalazimika kubadilisha kitenzi (toka, toa), Kifaransa kinabadilisha kisaidizi.

Hatua ya pili: weka kisaidizi katika imparfait du subjonctif

Hapa ndipo penye kazi, nayo ni maumbo kumi na mawili tu.

Avoir:
que j'eusse
que tu eusses
qu'il, qu'elle eût
que nous eussions
que vous eussiez
qu'ils, qu'elles eussent

Être:
que je fusse
que tu fusses
qu'il, qu'elle fût
que nous fussions
que vous fussiez
qu'ils, qu'elles fussent

Usikariri jedwali lote kwa nguvu. Chukua passé simple (njeo ya masimulizi ya vitabuni) ya nafsi ya pili umoja: tu eus, tu fus. Ongeza -se, unapata eusse na fusse. Kutoka hapo miisho ni -e, -es, -ions, -iez, -ent, kama subjonctif yoyote. Anayevunja safu ni mmoja: il na elle, ambaye hana ss, bali ana kofia (alama ^) na t.

Kofia hiyo ni kaburi la s. Zamani waliandika eust na fust. S ilipokufa kwenye matamshi waliiondoa na kuweka alama juu ya irabu, kama walivyofanya kwa forêt na hôpital. Marekebisho ya tahajia ya 1990 yaliruhusu kuacha kofia juu ya i na u katika maneno mengi, lakini ya hapa yaliiacha ilivyo. Usikubali mtu akuambie kwamba siku hizi ni hiari.

Kuhusu kutamka: eu ya eusse haisomwi "e-u". Ni sauti moja, ile u ya tu. Peleka midomo mbele kama unapiga mluzi, kisha sema "i". Eusse inatoka kama sauti hiyo ikifuatwa na s. Eût ni sauti hiyo peke yake, t haisikiki isipokuwa ikikutana na irabu, kama katika eût-il.

Hatua ya tatu: tafuta participe passé

Hili ndilo neno la pili, kama fini katika eût fini. Vitenzi vya -er hutoa -é (parlé), vingi vya -ir hutoa -i (fini), vingi vya -re hutoa -u (vendu). Wakaidi unawajua kutoka passé composé: fait, dit, écrit, mis, pris, ouvert, vu, lu, su, pu, voulu, venu, né, mort. Dû ina kofia yake mwenyewe katika kiume umoja tu. Due, dus na dues hazina.

Avoir na être zenyewe hupotosha wengi. Zote mbili hutumia avoir: que j'eusse eu, que j'eusse été. Fusse été haipo, hata kama sikio linaipenda.

Hatua ya nne: patanisha

Sisi wenye ngeli hatupaswi kuogopa upatanisho, ila wa Kifaransa una tabia ya kujificha. Ukiwa na être, participe hufuata kiima: qu'il fût parti, qu'elle fût partie, qu'ils fussent partis, qu'elles fussent parties. Mwanamke anayejisemea ataandika que je fusse partie. Na vous inaweza kumaanisha watu wanne tofauti: mwanamume mmoja unayemheshimu (que vous fussiez parti), mwanamke mmoja unayemheshimu (partie), kundi la wanaume au mchanganyiko (partis), kundi la wanawake (parties). Kabla ya kuandika, jiulize vous ni nani.

Ukiwa na avoir, participe hutulia, mpaka kitendwa kitangulie. Je doutais qu'il eût lu ces lettres: lu haijaguswa kwa sababu barua ziko nyuma. Je doutais que ces lettres, il les eût lues: barua zimetangulia kupitia les, nazo ni za kike na ni nyingi, kwa hiyo lues.

Vitenzi vya se vina ukorofi wake. Qu'elle se fût lavée, awe amejiosha, ina e. Qu'elle se fût lavé les mains, awe amenawa mikono, haina, kwa sababu kilichooshwa ni mikono nayo imekuja baada ya kitenzi. Kwenye madaftari ya wanafunzi hili ndilo kosa ninalolikuta zaidi ya yote katika hatua hii, na hata Wafaransa wenyewe huliteleza.

Hatua ya tano: kukanusha, kuuliza, kutendwa

Ne na pas hubana kisaidizi, si kitenzi kizima: que je n'eusse pas fini, qu'elle ne se fût pas levée. Katika kutendwa unapata maneno matatu: qu'il eût été vu, qu'elles eussent été vues. Été haibadiliki kamwe.

Ukigeuza kiima nyuma, nafsi ya kwanza inadai alama juu ya e ya mwisho ili iweze kutamkika: eussé-je, fussé-je. Tahajia ya 1990 inapendekeza è badala ya é. Utaliona hili kwa nadra sana. Litambue na upite.

Sasa maana: "awe ame-"

Kuna masharti mawili, na yote mawili lazima yatimie. Kwanza, kuwe na kitu kinachodai subjonctif: kutaka, kuogopa, kutilia shaka, kushangaa, au viunganishi kama bien que, quoique, avant que, sans que, jusqu'à ce que, à moins que. Pili, kitenzi kikuu kiwe cha wakati uliopita, na tendo la pili liwe limetangulia au limekwisha kufikia wakati huo.

Je doutais qu'il eût compris. Nilikuwa na shaka kama ameelewa.
Bien qu'il eût plu, la route était sèche. Ingawa mvua ilikuwa imenyesha, barabara ilikuwa kavu.
Il partit avant que nous eussions fini. Aliondoka kabla hatujamaliza.

Angalia tafsiri zangu: "ameelewa", "ilikuwa imenyesha", "hatujamaliza". Kiswahili hakina umbo moja linalofuata kila mahali, na "kabla hatujamaliza" hata -e haina. Ndiyo maana usitafsiri kwa umbo, tafsiri kwa tukio: nini kilitangulia nini?

Tendo likiwa bado au likienda sambamba na kitenzi kikuu, hapo ni imparfait du subjonctif: je doutais qu'il comprît. Na sharti la kwanza likikosekana, rudi kwenye njeo ya kawaida: je savais qu'il avait compris. Mtu aliyejua hana haja ya subjonctif.

Maana ya pili: "angali-"

Hii ndiyo ninayoipenda, kwa sababu ni mahali ambapo Kifaransa kinafanya kama sisi. Katika lugha ya kawaida wao husema si j'avais su, je ne serais pas venu: upande wa si una njeo moja, upande wa pili nyingine. Sisi tunarudia kiambishi kile kile pande zote: ningalijua, nisingalikuja. Ndiyo maana Mswahili anayeanza Kifaransa husema si j'aurais su, je ne serais pas venu, na mwalimu anakata kwa wino mwekundu. Lakini plus-que-parfait du subjonctif inaruhusiwa kukaa pande zote mbili:

Si j'eusse su, je ne fusse pas venu. Ningalijua, nisingalikuja.

Hapa hakuna kutaka wala kuogopa. Vitabu vya sarufi vya Kifaransa huliita umbo hili la upande wa pili "conditionnel passé deuxième forme", jina refu kwa kitu ambacho ni eût fini ile ile. Unaweza pia kuchanganya: si j'eusse su, je ne serais pas venu; si j'avais su, je ne fusse pas venu. Zote ni sahihi. (Kuhusu -ngali- na -ngeli-, najua wengi wetu tunazichanganya mdomoni. Kwa kazi hii shika -ngali-: jambo limeshapita, halirudi.)

Umbo hili husimama pia bila si. Il eût fallu partir plus tôt: ingalibidi kuondoka mapema zaidi. Il eût mieux valu se taire: ingalikuwa heri kunyamaza. On eût dit un enfant: ungalidhani ni mtoto. Qui l'eût cru? Nani angaliamini? Hii ya mwisho bado iko hai hata kwenye mazungumzo ya leo, na wengi wanaoisema hawajui kwamba wametumia njeo wanayoikimbia. Na majuto yakizidi kuna plût au ciel qu'il fût venu, ambayo kwa Kiswahili ni neno moja tamu: laiti angalikuja.

Eut au eût?

Hapa kofia inageuza sarufi nzima. Il eut fini, bila kofia, ni passé antérieur, njeo ya masimulizi: alipokwisha kumaliza. Haina shaka wala majuto ndani yake. Kwa sikio zinafanana kabisa, kwa hiyo unahitaji vipimo.

Kipimo cha kwanza: badilisha kwa ait au aurait. Ikikubali, weka kofia. Bien qu'il ait fini inakubali, basi eût. Elle aurait fini inakubali, basi eût. Dès qu'il ait fini haikubali, basi dès qu'il eut fini.

Kipimo cha pili: peleka kwenye wingi. Ukipata eurent, hakuna kofia. Ukipata eussent, ipo. Kwa être ni furent na fussent.

Mahali panapoangusha watu wengi ni après que. Kwa kuwa avant que hudai subjonctif, watu hudhani ndugu yake anadai pia. La. Kinachofuata après que kimeshatokea kweli, kwa hiyo ni après qu'il eut mangé, après qu'ils furent partis. Après qu'il eût mangé utaikuta magazetini na vitabuni, imeandikwa na watu waliosoma, na bado ni kosa. Kwa kweli ni kosa la waliosoma: asiyeijua kofia hawezi kuizidisha.

Na ile ne ya peke yake

Baada ya craindre, avoir peur, avant que na à moins que utakutana na ne isiyo na pas. Je craignais qu'elle ne se fût blessée: niliogopa asije akawa ameumia. Haikanushi chochote, ni pambo la mtindo, na unaweza kuiacha. Ikija na pas, hapo ndipo inakanusha: je craignais qu'il ne se fût pas levé, niliogopa kwamba hajaamka.

Lini uiache

Kwenye barua pepe, insha ya kawaida, mazungumzo, mtihani wa lugha wa ngazi za kawaida: iache. Tumia passé du subjonctif. Je doutais qu'il ait compris ni Kifaransa safi leo, na amri ya waziri wa elimu wa Ufaransa ya tarehe 28 Desemba 1976 kuhusu mitihani iliruhusu rasmi badiliko hilo. Kwa maana ya "angali-", tumia plus-que-parfait ya kawaida (si j'avais su) upande wa si na conditionnel passé (je ne serais pas venu) upande wa pili.

Ukiandika masimulizi kwa passé simple, au unataka uzito wa kizamani, itumie, lakini kwa "yeye" na "wao". Eût na fût hupita kimya, hazimkwazi msomaji. Eussiez na fussions hupiga kelele. Waandishi wengi wa karne ya 20 walifanya hivyo hivyo: wakabaki na nafsi ya tatu, nyingine wakaziachia kejeli.

Jipime

Funika majibu kwa mkono, kisha linganisha.

"Nilishangaa kwamba walikuwa wameondoka" (wanawake). J'étais surpris qu'elles fussent parties. Partir inachukua être, kike wingi kinadai -es. Kwa lugha ya kila siku: qu'elles soient parties.

"Ingawa tulikuwa tumesoma kitabu hicho, hatukukumbuka kitu." Bien que nous eussions lu ce livre, nous ne nous souvenions de rien. Lu haiguswi, kitabu kiko nyuma.

"Walipokwisha kula, walilala." Après qu'ils eurent mangé, ils s'endormirent. Ukiandika eussent, rudi kwenye sehemu ya kofia.

"Tungaliondoka asubuhi, tungalifika." Si nous fussions partis le matin, nous fussions arrivés. Vitenzi vyote viwili ni vya être, kwa hiyo fussions mara mbili na -s mara mbili. Inasikika kama mtu aliyevaa joho sokoni. Sasa iandike upya kwa Kifaransa ambacho ungethubutu kukisema: si nous étions partis le matin, nous serions arrivés.

"Niliogopa awe amevunjika mkono" (mwanamke). Je craignais qu'elle ne se fût cassé le bras. Kama umeandika cassée, rudi kwa yule aliyenawa mikono.